Tanuri la Uani

Jumatatu, Machi 3
Muhula umefunguka na mvua imefunguka nayo. Bati la darasa langu linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Mwalimu mkuu kasema fundi yuko njiani. Huyo fundi tumemsubiri mpaka tumesahau hata sura yake.

Mwaka huu nimekataa kufundisha jedwali la elementi kwa ile chati iliyoliwa na mende. Nimekata kadi, kila mwanafunzi nimempa elementi yake, na wanakaa kwa mpangilio wa jedwali lenyewe: metali zenye hasira huku dirishani, gesi zisizotaka kushirikiana na mtu kule ukutani. Kuna msichana tunamwita Wakili, kwa sababu hakubali jambo mpaka amelibishia kwanza. Nilimpa haidrojeni. "Mwalimu, hii si ndiyo nyepesi kuliko zote?" Nikamwambia ndiyo. "Mimi? Na mwili huu?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikajitia nakohoa.

Jioni nimerudi kwangu, yaani vyumba viwili vya uani kwa mdogo wangu. Mumewe, shemeji yangu, kazi yake ni kuyeyusha betri kuukuu za magari na kutoa risasi, ile metali nzito ya kijivu, iliyomo ndani. Tanuri liko nyuma ya jiko, naliona nikiwa kitandani. Binti yao wa miaka mitatu na ushee tunamwita Redio, maana akiwashwa asubuhi anazimwa na usingizi tu. Leo kanipokea mlangoni na taarifa kamili: kuku gani kataga, jirani gani kanuna, na baba kasema neno gani baya alipoungua kidole. "Mama mkubwa, usimwambie mama kama nimekwambia." Halafu akalirudia lile neno mara tatu, nisije nikalisahau.

Jumatano, Machi 5
Mvua. Chaki imelowa, haiandiki, inapaka tu.

Jumamosi, Machi 8
Uani ni tope tupu. Jana mdogo wangu kateleza na ndoo nzima ya maji, akakaa chini akacheka mpaka akalia. Shemeji kasema basi, dawa anayo. Leo kazoa mavi ya tanuri, yale makapi meusi yanayobaki risasi ikishamiminwa, akayaponda kwa nyundo na kuyatandaza kutoka mlango wa jiko mpaka chooni na mpaka kizingitini kwangu. Nimekwenda msalani na kurudi na viatu safi. Nikampa hongera yake. "Shemeji, umetujengea lami!" Akacheka na meno yote.

Nampenda huyu mtu, sitamsema vibaya. Anafanya kazi kama punda na hajawahi kumnyanyulia mdogo wangu mkono. Anapasua betri kwa shoka, maji makali anayamwaga mtaroni, vile vibao vya ndani anaviyeyusha kwenye karai la chuma juu ya mkaa, kisha anamimina kwenye kalibu, na risasi ikipoa inang'aa kama samaki. Kabla ya kuwasha moto hunywa glasi ya maziwa. Wote wa kazi yake hunywa maziwa, eti yanaosha sumu. Redio naye hupewa yake, wanagonganisha glasi.

Baadaye Redio alikaa juu ya lami hiyo mpya na vifuniko vyake vya chupa, anakoroga makapi na maji ya mvua, anapika. Nilikuwa mteja. Chakula hakikuwa tayari, akanigombeza: "Subiri, kila mtu anasubiri, kwani wewe nani?"

Jumanne, Machi 11
Protoni, neutroni, elektroni. Aliyeelewa ni Wakili, na yeye anabisha.

Jumatatu, Machi 17
Redio analalamika tumbo. Mdogo wangu kasema minyoo, kampa dawa ya minyoo.

Jumatano, Machi 19
Mvua usiku kucha. Shemeji kaongeza makapi uani.

Jumatatu, Machi 24
Tumbo bado. Hapati choo, hataki kula, na uji wake kaumwaga makusudi, akamtazama mama yake usoni akisubiri kipigo. Si tabia yake. "Deko hilo," kasema mdogo wangu. "Dada, umemdekeza wewe na maongezi yenu hayo." Huenda ni kweli.

Ijumaa, Machi 28
Nimerudi nikamkuta kakaa kizingitini. Hakuniambia chochote. Nilimuuliza, kuku je? Akaninyooshea kidole kule waliko kuku.

Jumanne, Aprili 1
Zahanati wamesema malaria. Wamempa vidonge. Mvua.

Ijumaa, Aprili 4
Nataka niandike haya kwa utaratibu.

Somo la leo lilikuwa hili: atomu haifi. Niliwaambia darasa, elementi ukiichoma haiungui ikaisha, ukiizika haiozi. Inaweza kuungana na nyingine, ikabadili rangi, ikawa moshi au kutu au vumbi, lakini yenyewe ipo. Chuma cha jembe la babu yako kipo mahali fulani sasa hivi. Nilikuwa napenda sana somo hili. Nililifundisha kwa mbwembwe, natembea huku na huku.

Wakili akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo na risasi haifi?"

"Haifi."

"Ile ya tanuri la kwenu, ule moshi tunaouona tukipita. Mna risasi mle?"

"Kidogo. Ndiyo."

"Inakwenda wapi?"

"Hewani."

"Na mvua ikinyesha?"

Darasa zima linangoja mwalimu ajibu, kwa sababu mwalimu hujibu siku zote. Nilimwambia akae chini. Sijawahi kumwambia mwanafunzi akae chini kwa sababu ya swali zuri. Alikaa akanitazama kwa mshangao, na ndipo jibu liliponiteremkia, taratibu. Mvua ikinyesha inashuka kwenye bati. Toka kwenye bati inaingia pipa letu la maji. Na yale makapi, Mungu wangu, yale makapi tuliyoyatandaza wenyewe na kuyapongeza! Risasi haitoki yote kwenye tanuri la karai. Nyingine inabaki kwenye makapi. Nimetembea juu yake mwezi mzima nikiwa na jedwali la elementi kwapani.

Nilimwachia kiranja darasa nikaondoka bila ruhusa ya mtu. Redio alikuwa uani na vifuniko vyake. Kulikuwa na manyunyu na hakuna aliyemwondoa. Alikuwa anakoroga, na alipomaliza kukoroga akachovya kidole, akaonja kama mpishi anavyoonja chumvi, akachovya tena. Nikamnyakua. Nilipomfungua mdomo niliona kwenye ufizi, chini ya meno, mstari wa rangi ya moshi. Hakupiga kelele. Mtoto yule ambaye ukimfunga kiatu vibaya mtaa mzima unapata habari, alilegea tu mikononi mwangu.

Jumamosi, Aprili 5
Ugomvi. Nilianza vizuri, kwa sauti ya darasani, nikaishia kubwata.

"Shemeji, zima tanuri. Zoa haya makapi yote. Huyu mtoto anakula risasi."

"Mtoto anakula tope, shemeji. Watoto wote wanakula tope."

"Tope lenye risasi!"

"Mimi ninayeishika risasi kila siku nimekufa?" Alijipiga kifua. "Tena maziwa anakunywa, glasi nzima, mwenyewe unaona."

Nilimwambia maziwa hayafukuzi kitu. Nilimwambia mwili wa mtoto mdogo unaifyonza risasi kuliko wake, kwamba mwili unaidhani ni ile chokaa ya kujengea mifupa, unaikaribisha ndani na kuipa kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema pole pole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniudhi, "Nikizima, shemeji, tutakula hilo jedwali lako?"

Nikamgeukia mdogo wangu. Nilidhani damu yangu itasimama upande wangu. Alikuwa kashika kiuno. "Zahanati wamesema malaria. Wewe ni mwalimu, dada, si daktari. Na hapa umekaribishwa, usije ukasahau."

Nimesikia. Sitasahau.

Jumatatu, Aprili 7
Nimezoa makapi ya kizingitini kwangu na ya mlango wa jiko, nikayatia kwenye gunia.

Jumatano, Aprili 9
Mvua kubwa. Shemeji kamwaga mengine palepale. "Mtu asije akavunjika mguu," kasema.

Alhamisi, Aprili 10
Nimezoa.

Jumamosi, Aprili 12
Kamwaga.

Jumapili, Aprili 13
Nimezoa. Mdogo wangu alikuwa anaanua nguo, akanipita kama anapita nguzo. Redio sasa ana maneno machache: maji, hapana, mama. Mimi kaniondolea "mkubwa", ananiita ma. Nilimwonyesha kuku mmoja mmoja nikimtajia, akawa anatazama mdomo wangu, si kuku.

Jumatatu, Aprili 14
Nimemwambia mdogo wangu kwamba kesho nampeleka hospitali ya wilaya mwenyewe. Kasema nikimgusa mtoto wake ataita watu.

Jumanne, Aprili 15
Sikumgusa. Niliogopa watu. Nilikwenda nikafundisha chumvi na besi.

Jumamosi, Aprili 19
Asubuhi nilisikia mdogo wangu akipiga ukelele ambao sijawahi kumsikia nao, hata siku ya kumzika mama. Nilikimbia peku. Redio alikuwa sakafuni jikoni, macho yamegeuka, mikono imekakamaa, kisigino kinapiga sufuria. Sufuria ilikuwa inalia ngo, ngo, ngo, na hakuna aliyekuwa na akili ya kuiondoa. Shemeji alipiga magoti akamfunika kwa koti lake la kazi. Lile koti! Nilimwondolea mtoto nikalitupa nje. Aliniacha nilitupe.

Njiani, kwenye gari la kukodi, mdogo wangu alirudia neno moja tu, "Malaria imempanda kichwani, malaria imempanda kichwani."

Daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mfupi, mkali, macho mekundu kwa kukesha. Aliuliza mtoto kala nini. Mdogo wangu akasema uji. Nikasema, "Risasi. Wanayeyusha betri nyumbani, makapi yametandazwa uani, ana mstari kwenye ufizi, hapati choo wiki nyingi, maneno yamempotea." Nilisema yote kwa pumzi moja. Nilimsaliti mdogo wangu mbele yake na nilikuwa tayari kurudia. Daktari akafunua ufizi, akausogezea taa. "Wewe ni nani wake?"

"Mama yake mkubwa. Nafundisha kemia."

"Unaishi wapi?"

"Hapohapo."

Alinitazama. Akaandika na hilo.

Jumatatu, Aprili 21
Degedege mara mbili tena. Damu imepelekwa hospitali kubwa, majibu yanasubiriwa. Daktari hakusubiri, kaanza dawa.

Mwalimu mkuu kapiga simu. Kwanza alikuwa mpole sana, kisha, "Lakini mtaala, mwalimu, mtaala hauna mgonjwa." Nikamwambia aufundishe yeye. Nikakata simu. Sijui kama nina kazi.

Jumatano, Aprili 23
Mvua. Redio kalala tu.

Alhamisi, Aprili 24
Nimemchukia shemeji siku zote hizi. Nilimchukia nikiamka na nikilala, na chuki ilinisaidia, kusema kweli, ilinipa pa kujishikia. Leo imenitoka mikononi.

Alikuja saa ya kutazama wagonjwa. Alisimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa kanyoa nywele zote na nyusi zote. Nguo mpya, bado na mikunjo ya dukani. Akaninyooshea mikono, mbele na nyuma, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Ilikuwa imechubuka, kwenye viungo vya vidole inatoka damu. Kasugua kwa brashi ya waya, ile ya kusugulia kutu.

"Shemeji," alisema, "nimenawa. Naweza kumshika?"

Nilimsogeza kwa kiwiko mpaka kitandani. Alimshika Redio mguu, tena kwa vidole viwili tu. Kaniambia tanuri kalivunja tangu Jumamosi ileile, makapi kayazoa na udongo wa chini yake, kachimba mpaka maji yakatoka. "Nimechimba wapi pengine? Nionyeshe, nichimbe." Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa kitanda. Hakumtazama mumewe. Alisema, kwa ukuta, "Wewe na lami yako." Mwanamume yule akanywea mbele ya macho yangu.

Ijumaa, Aprili 25
Nilimtetea. Nilimwambia mdogo wangu, hakujua. Akasema, "Na wewe uliyejua?"

Jumatatu, Aprili 28
Majibu yamekuja. Daktari aliniita mimi kwanza, kisha akamwita mama wa mtoto. Kiasi cha risasi kilichokuwa kwenye damu ya mtoto kilimfanya daktari arudie kusoma karatasi. Atapona? Ataishi, kasema. Dawa inatoa risasi iliyo kwenye damu, na iliyojificha mifupani itatoka kwa miaka. Lakini kichwani, pale ilipokwisha kuharibu, dawa haishoni.

"Atasema?" aliuliza mdogo wangu.

"Atasema kiasi. Tutaona."

"Alikuwa anasema kila kitu, daktari. Alikuwa anatuchosha!" Alisema hivyo kwa hasira, kama daktari kamwibia, halafu akajifunika uso kwa khanga palepale kwenye kiti. Nilimshika bega. Hakuuondoa mkono wangu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tugombane.

Jumatatu, Mei 5
Nimerudi shule. Kumbe kazi ninayo, hakuna mwingine wa kuifanya. Wanafunzi wamekaa kwa mpangilio wao wa jedwali na hakuna aliyesogea kiti. Wakili alinifuata nje baada ya kipindi. "Mwalimu, nisamehe kwa lile swali." Nilimkemea mpaka machozi yakamlenga. Nilimwambia asije akaomba msamaha kwa swali maishani mwake, amenisikia? Alinisikia. Kisha nikamwomba mimi msamaha, kwa kumkalisha chini.

Jumamosi, Mei 10
Tumehama, wote. Daktari alikataa mtoto arudi kwenye nyumba ile. Shemeji kapata vyumba mtaa wa juu, sakafu ya saruji, maji ya bomba. Yeye sasa anabeba mizigo sokoni. Hanywi tena maziwa, anasema yanamkaba.

Jumatano, Mei 14
Redio katembea toka kitandani mpaka dirishani, anayumba, kashika ukuta. Tulipiga makofi. Makofi yalimtisha, akalia.

Jumatatu, Mei 19
Jua. Siku ya tatu hii.

Ijumaa, Mei 23
Shule imefungwa leo. Darasa limefanya mtihani vizuri kuliko nilivyostahili.

Mchana nilikuwa na mdogo wangu chumbani kwake, tunakunja nguo. Redio kalala katikati yetu. Amenenepa kidogo mashavuni, ukimwona kalala utasema hana neno. Akiamka ndipo unapojua. Ana maneno manne sasa. Tunayagombania, kila mtu anataka atajwe yeye.

Mdogo wangu amekuwa mpole kwangu siku hizi, upole wa mtu aliyechoka. Alikunja gauni dogo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Dada, ile uliyosema siku ile. Risasi kwenye mifupa. Ni ya watoto tu?"

"Hata. Ya mtu yeyote. Mimi ninayo, wewe unayo. Sote tumekunywa maji ya pipa lile."

"Na inakaa tu humo, haina taabu?"

Nilifurahi. Lazima niseme ukweli huo, nilifurahi, kwa sababu hajawahi kuniuliza kitu cha kazi yangu tangu tukiwa watoto. Nikaweka nguo chini, nikashika sauti ya darasani. Nilimwambia inakaa imelala, miaka mingi tu, haina taabu sana ikiwa humo. Taabu ni pale mwili unapohitaji chokaa kwa haraka. Hapo mifupa inafungua ghala, na chokaa ikitoka, risasi inatoka nayo, inarudi kwenye damu.

"Unahitaji kwa haraka lini?"

"Uzeeni," nikasema, nahesabu kwa vidole kama ninavyowahesabia wanafunzi. "Au mtu akivunjika, akalala kitandani muda mrefu. Au mwanamke akibeba mimba. Hapo ndipo hasa, maana mtoto anajengewa mifupa yake kwa chokaa ya mama, na kondo la nyuma halijui kuchagua, kwa hiyo chochote kilichomo kwenye damu ya mama kinapita moja kwa..."

Gauni lilikuwa limesimama mikononi mwake. Alikuwa kalibana tumboni.

Nje mtu alikuwa anauza mafuta ya taa, anaita.

"Wa miezi mitatu," alisema. "Baba yake hajui bado. Nilitaka kwanza nikuulize wewe."

Nikamwambia kesho twende kwa daktari, kuna vipimo, kuna chakula cha kula, wapo wanawake wengi ambao watoto wao... Nilisema maneno mengi. Aliyaacha yapite yote.

"Miezi mitatu, dada. Machi nilikuwa nayo. Aprili nilikuwa nayo." Alikuwa ananiangalia mdomo. "Nimeshampa?"

Nilimwambia sijui. Lakini huyu ni mdogo wangu, tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote, na aliona usoni kwamba najua.